Karatasi Mahali pa Kitu

Ili jambo nitakalolieleza lieleweke, yafaa kwanza niweke wazi namna mambo yalivyokuwa kabla halijatokea. Vita vilikuwa vimepita kwetu mara moja, vikaondoka, kisha vikarudi na askari wengine wenye nembo nyingine. Zamani mtu mwenye gari zima aliweza kutoka Butembo asubuhi na kula chakula cha mchana Beni. Sasa miji hiyo miwili ilikuwa imetengana kama nchi mbili, kwa kuwa kila kipande cha barabara kilikuwa na wakubwa wake, na kila kizuizi kilikuwa na kamba yake na maswali yake. Barua zilisafiri ndani ya viatu vya wachuuzi. Habari zilifika zikiwa zimechoka, na mara nyingi zilikuwa habari za mtu mwingine.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Beni, katika mtaa wa Ruwenzori. Mishahara ilipokoma, na wazazi wa wanafunzi nao wakashindwa kuwapa walimu hata maharagwe, alianza kwenda Manguredjipa, kwenye misitu ya wachimba dhahabu, akibeba chumvi, sabuni na betri za redio. Kila mara alikaa huko wiki mbili au tatu, kisha akarudi. Shule yetu ilipofungwa alinileta Butembo kwa dada yake ili nisome. Mama alibaki Beni na mdogo wangu, ambaye alikuwa bado ananyonya. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Jumapili moja baba aliniacha mlangoni kwa shangazi, akanipa kalamu mbili mpya, akashika njia ya magharibi kwa miguu. Hizo ndizo hali.

Shangazi yangu, niliyemwita Tantine kama watoto wote wa mtaa walivyowaita shangazi zao, hakuwa na mtoto. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi na mikono yenye nguvu, na kazi yake ilikuwa kufua na kupiga pasi nguo za altare za parokia. Kila Alhamisi aliipeleka pasi yake ya makaa nyumbani kwa padri mmoja mzee, kwa sababu huko kulikuwa na meza ndefu kuliko zote. Nami nilifuatana naye, maana hakutaka nibaki peke yangu mahali ambapo askari wangeweza kuingia kuomba maji.

Padri huyo, Mzungu, alikuwa ameishi Japani miaka mingi kabla ya kuletwa kwetu, na alikuja na masanduku. Kwa nini aliondoka kule hakueleza, na hakuna aliyemuuliza mara mbili. Watoto waliokuwa wakipita kando ya uzio wake walimpigia kelele: "Padiri Chinois! Padiri Chinois!" Naye, aliyekuwa kiziwi nusu lakini si kwa neno hilo, alifungua dirisha na kuwajibu kwa hasira ya mwalimu: "Japonais! Bachina biko ku etajeri ya pili!" Watoto, wasiojua kwamba alizungumzia sahani zake za Kichina zilizokuwa kwenye rafu ya pili, walicheka mpaka wakakaa chini, na wiki iliyofuata walirudia vilevile.

Katika chumba cha nyuma alikuwa amevipanga vitu vilivyotoka ndani ya masanduku hayo, na mlangoni alikuwa amebandika karatasi iliyopigwa taipureta: "Musée. Alhamisi, saa tisa hadi saa kumi na moja," yaani makumbusho. Nijuavyo mimi, katika mji ule wote wa maduka na viazi, hapakuwa na chumba kingine cha namna ile. Aliyetaka kuingia alipaswa kunawa mikono katika beseni, kuvua viatu, na kuandikwa katika daftari kubwa la wageni lililokuwa juu ya kiti. Padri alivaa koti jeusi saa tisa kamili, akasimama kando ya mlango, akangoja wageni. Siku nyingi mgeni alikuwa mimi peke yangu.

Mara ya kwanza aliniuliza jina, kalamu ikiwa tayari mkononi.

"Masika," nilisema.

"Masika tu? Butembo nzima ni Masika. Kila nyumba iko na Masika wake."

Alisema kweli, maana kwetu Wanande mtoto wa kike anayetangulia huitwa hivyo, na aliye wa pili ana jina lake, na wa tatu lake, hata mtu akitajiwa jina lako anajua umezaliwa wa ngapi kabla hajakujua sura.

"Masika wa Mwalimu," nilisema. "Wa ku Beni."

"Voilà. Sasa uko mutu mumoja." Akaandika, akakausha wino kwa karatasi. "Ingia. Mikono nyuma."

Nilipita mbele ya vitu vile mikono ikiwa nyuma, kama nilivyofundishwa, na sikuelewa hata kimoja. Kulikuwa na picha zilizochapwa kwa mbao, rangi zake nyepesi kama chai iliyotiwa maji mara ya pili. Mojawapo ilionyesha watu watatu waliovaa makoti ya majani makavu, wakipanda kilima cheupe. Nilidhani weupe ule ni unga wa muhogo uliomwagika, nikawaonea huruma waliokuwa wakiukanyaga. Kulikuwa na sahani nyeupe za Kichina, kengele ya shaba kutoka Korea, na kichwa cha mbao kutoka Siamu, macho yake yamefumbwa.

"Analala?" niliuliza.

"Sijui," padri alijibu. "Minamuangalia tangu nikiwa kijana. Sijui."

Kulikuwa pia na kibakuli cheusi, kinene, kilichopinda upande mmoja. Nilimwuliza kama fundi wake alikuwa bado anajifunza. Padri alicheka kwa muda mrefu kuliko nilivyotazamia, akamwita Tantine aje asikie. Tantine alikuja na pasi mkononi, akakitazama kibakuli, akasema: "Mais mutoto anasema kweli, Padiri. Ku soko bangekurudishia franga yako." Kicheko kikaisha, na padri akafuta macho. Harufu ya kafuri ilitoka ndani ya kabati, kwa sababu alitia vipande vya kafuri katikati ya karatasi ili wadudu wasizile. Siku za ukungu, ambazo kwetu si chache, aliweka mbabula, jiko la makaa, katikati ya sakafu ili unyevu usipande kutani.

Miaka mingi baadaye, katika mji wa nchi ya baridi nilikokwenda kusoma hati za kale, niliingia katika jumba la makumbusho la sanaa za Japani na nchi nyingine za Asia. Nilitaka tu kujikinga na mvua. Mwanga ulikuwa hafifu kama wa kanisa kabla ya misa. Katika ukumbi wa picha za mbao nilikutana na nafasi tupu ukutani, na katika nafasi hiyo karatasi ndogo iliyosema kwamba picha imeondolewa kwa muda ili ipumzike. Nilisimama mbele ya karatasi ile muda ambao wageni wengine waliutumia kuuzunguka ukumbi mzima. Mlinzi alikuja kuniuliza kwa adabu kama nilikuwa natafuta njia ya kutokea. Sikuweza kumweleza kwamba nilikuwa nimefika.

Maana karatasi kama ile niliijua. Alhamisi moja, kule Butembo, nilikuta wale watu watatu wa kilima cheupe hawapo. Mahali pao palikuwa na kadi iliyoandikwa kwa mkono wa padri: namba ya kitu, maelezo yake kwa ufupi, siku kilipotoka, na mahali kilipokwenda. Nilishtuka, nikauliza nani kawachukua.

"Mimi mwenyewe," padri alisema. "Biko mu kabati. Karatasi inachoka na mwanga, ma fille. Ikikaa sana mu mwanga, rangi inakufa. Inapaswa kulala mu giza. Miezi mingi."

"Na kisha?"

"Kisha inarudi."

Ikarudi, kweli. Miezi kadhaa ilipita, nikawakuta watu wangu watatu wakipanda kilima chao, na kadi imeondolewa. Kibakuli cheusi nacho kilitoka, kikaachiwa kadi, kwa kuwa ukingo wake ulikuwa umepata ufa na padri alikuwa akiuziba mezani kwake taratibu. Kikarudi. Mtoto hahitaji mifano mingi ili ajijengee kanuni. Yangu ilikuwa hii: kitu kikitoka mahali pake na kikaachiwa kadi, hakijapotea. Kimelala gizani, na kitarudi, rangi zake zikiwa zimepona. Katika rafu ya chini kulikuwa na kadi sita za manjano, zilizopinda pembe, mahali pasipo na kitu chochote. Vitu hivyo, niliwaza, vilikuwa vimechoka zaidi kuliko vingine.

Baba hakurudi baada ya wiki tatu, wala baada ya wiki nane, wala hata watu wa kilima waliporudi ukutani. Tantine alisema barabara imefungwa. Alisema pia kwamba mvua ni nyingi, na kwamba wachimbaji hawakumlipa bado. Alisema sababu nyingi, na kila moja aliisema akiwa amenipa mgongo. Ndipo nilipokata kipande cha jalada la daftari langu, nikachukua kalamu mojawapo ya zile mbili, nikaandika kwa mwandiko wa padri kadiri nilivyoweza kuuiga:

"Mwalimu. Mtu mmoja, mrefu. Koti la kahawia. Kovu kwenye kidole gumba cha kushoto. Ametoka Jumapili. Amekwenda Manguredjipa."

Namba sikuiandika, kwa sababu sikujua inayofuata. Alhamisi hiyo, padri alipogeuka kumsikiliza Tantine, niliiweka kadi yangu katika rafu ya chini, mwisho wa zile sita. Wiki iliyofuata niliikuta palepale. Juu yake, kwa wino mwekundu, padri alikuwa ameandika namba. Hakuniambia neno, wala mimi sikumwambia. Tangu siku hiyo nilipoingia niliitazama rafu ya chini kwanza, kisha nikawatazama watu wa kilima, nikatoka. Shuleni sikuwa na rafiki wa kumweleza. Wasichana wa darasa letu waliyajua mambo ya baba yangu kuliko mimi. "Ee, Masika! Baba yako ameshaoa kule ku machimbo! Ameoa bibi wa meno ya dhahabu!" Wao walicheka, nami nilitabasamu tu, jambo lililowaudhi zaidi. Niliwaza: ninyi hamjui habari za giza.

Baada ya Pasaka alifika mtu kutoka Manguredjipa, amekonda, akauliza nyumba ya dada wa mwalimu. Alikuwa amesafiri na baba sehemu ya njia. Kundi la watu wanane lilisimamishwa msituni, alisema, na yeye alikuwa nyuma akijisaidia vichakani. Alisikia risasi. Alipothubutu kurudi siku ya pili hakukuta mtu, alikuta mfuko wa chumvi uliopasuka. Tantine alimpa bugali na sombe ya majani ya muhogo, akamtazama akila mpaka akamaliza, ndipo akaanza kulia. Mimi nilikwenda kuosha sahani yake.

Wiki hiyohiyo baba mkubwa alishuka kutoka Masereka. Alikuwa kaka wa baba, mkulima wa viazi, mtu wa mabega mapana aliyezoea kusema na watu walio ng'ambo ya bonde. Alikaa kwenye kiti cha mbao uani, kikombe cha kasiksi, pombe ya ndizi, mkononi, akaniita nisimame mbele yake.

Hapa lazima nieleze desturi. Katika ukoo wetu, mtu akifa mahali ambapo mwili hauwezi kuletwa, hukatwa gogo la mgomba lenye urefu wake, likavikwa nguo yake, likazikwa nyumbani kama anavyozikwa mtu. Udongo wa kwanza hutupwa na mzaliwa wa kwanza, akisema kwa kinywa chake mwenyewe kwamba mzazi wake amekwenda. Bila udongo wa mzaliwa wa kwanza gogo ni gogo tu, na kilio hakijafanyika. Na kilio kisipofanyika, mke si mjane. Mwanamke anayefunga nyumba ya mume aliye safarini amemwacha mume, lakini mjane huchukuliwa na shemeji zake akakae kwao, mchana kweupe, na hakuna wa kumnyooshea kidole.

"Masika," baba mkubwa alisema. "Jumamosi tunaenda Masereka. Utatupa bulongo."

"Hapana."

"Hapana gani?"

"Baba hakufa."

Akamtazama Tantine. Tantine akatazama makaa yake.

"Sikia, mutoto wangu. Yule mutu alikuwa kule. Alisikia masasi."

"Alisikia. Hakuona."

"Ah! Huyu ni mwalimu mwenyewe amesimama pale!" baba mkubwa alisema, nusu akicheka, nusu akiomba msaada. "Hata kichwa ni ile. Ukimupa kikombe cha maji anauliza ilitoka mutoni gani." Kisha akaacha kucheka, akaweka kikombe chini. "Mama yako iko ku Beni na mutoto mudogo. Dispensaire ya quartier ilifungwa, muganga alikimbia. Kila siku masasi. Nilimutumia neno: kuya, tutakulinda. Anajibu nini? Anasema, bwana yangu akirudi asikute mulango imefungwa. Donc anakaa. Anangoja juu sisi bado kulia. Na sisi tunakungojea weye."

Niliyasikia maneno hayo yote, na ninaweza kuyarudia leo bila kuongeza wala kupunguza. Lakini nilichoelewa ni kwamba mama naye, kule Beni, alikuwa anamngoja kama mimi, na kwamba tulikuwa wawili. Jambo hilo liliniimarisha. Nilisema hapana tena, nikaenda kukaa nyuma ya nyumba, kati ya ukuta na pipa la maji ya mvua, mpaka nikasikia baba mkubwa akiaga.

"Hapana mupige," alimwambia Tantine. "Bulongo ya kulazimisha haina maana. Atakomaa."

Tantine hakunipiga. Aliacha kunitania, na hilo lilikuwa zito kuliko fimbo. Tulikula tukisikiliza vijiko. Jumamosi ya kwanza ilipita, na ya pili. Mchuuzi mmoja alileta salamu za mama, kwamba wako salama. Salamu hizo zilikuwa na umri wa siku nyingi, lakini mimi nilizichukua kama ushahidi. Wiki ya tatu baba mkubwa alituma mfuko wa viazi bila neno lolote. Wiki ya nne haikuleta kitu.

Alhamisi ya wiki ya tano, Tantine alipokuwa akikunja nguo za altare, nilimsikia akizungumza na padri kwa sauti ya juu, ile ambayo kwa kawaida aliitumia kupatana bei. Kisha padri alinijia mlangoni. Hakuwa amevaa koti lake. Hakuniandika katika daftari.

"Ulivua viatu?" aliuliza.

"Ndiyo, Padiri."

"Kuya huku."

Akapiga magoti mbele ya rafu ya chini, kwa shida, akishika ukingo wa meza. Akachukua kadi ya kwanza kati ya zile sita za manjano.

"Soma."

Nilisoma. Ilikuwa sanamu ndogo ya mbao, mtu ameketi, imetoka siku fulani. Mahali pa kuandika ilikokwenda palikuwa patupu.

"Hii ilienda wapi?" aliuliza.

"Mu kabati. Inalala."

"Hapana. Ile vita ya kwanza, askari waliingia kwa mulango huu. Walibeba vitu viwili. Vine walivunja papa hapa, na kitako cha bunduki. Nilifagia mimi mwenyewe." Alizungumza polepole, akitafuta kila neno kana kwamba lilikuwa juu ya rafu ya juu. "Sita hizi haziko mu kabati. Haziko pahali popote."

"Lakini uliandika namba."

"Niliandika."

"Na yangu uliandika namba."

"Niliandika, ndiyo." Uso wake ulikuwa mwekundu mpaka masikioni, na kwa mara ya kwanza nilimwona kama mtu anayeweza kukosea. "Nilifikiri unajua. Nilifikiri unalia namna yako, na mimi nilitaka kukusaidia kulia. Sikujua kama unangoja."

"Juu ya nini kuandika namba, kama haitarudi?"

"Juu ilikuwa hapa. Ni ile tu, ma fille. Karatasi inasema: hapa palikuwa kitu hiki, kilikuwa namna hii, siku hii hakipo tena. Haisemi zaidi. Karatasi haijui kurudi ni nini."

"Ile picha ilirudi."

"Picha nilikuwa na ufunguo wake."

Sikulia. Nilitazama mikono yangu, ambayo bado ilikuwa na unyevu wa beseni, nikaona kwamba nilikuwa nimeiweka nyuma kama mgeni. Padri akanyoosha kidole kuelekea kadi ya saba.

"Unataka kuitoa?"

"Hapana. Iache."

Nilivaa viatu vyangu. Tantine alikuwa uani, akipuliza makaa ya pasi, majivu yakimrukia usoni. Nilimwambia: "Tantine, tuende Masereka." Hakugeuka mara moja. Aliweka pasi juu ya jiwe, akafunika macho kwa pembe ya kikwembe chake, akasema, "Haya. Wasingya, mutoto wangu." Hakuwa amewahi kunishukuru kwa Kinande, wala kwa lugha nyingine yoyote.

Tulipanda siku mbili baadaye. Masereka ni nchi ya juu, yenye ukungu unaokaa mashambani hata adhuhuri, na migomba yake ni myembamba kwa sababu ya baridi. Kwa hiyo gogo lililetwa kutoka bondeni juu ya chukudu, ule mkokoteni wetu wa mbao wa magurudumu mawili. Binamu zangu waliusukuma kupanda mlima huku wakitukanana. Walipolilaza uani, baba mkubwa alilizunguka mara mbili.

"Hii ni mutu mufupi," alisema. "Ndugu yangu alikuwa anainama ku milango yote."

"Baba, ni ile tuliona."

"Munarudi kutafuta ingine."

"Kule chini? Tena? Basi tumuzike amekunja magoti!"

Wanawake walijizuia kucheka, wakashindwa, na baba mkubwa mwenyewe akacheka, machozi yakimshuka ndevuni. Kisha akaniuliza mimi, mbele ya watu wote, baba alikuwa anafika wapi. Nilikwenda kwenye mlango wa nyumba, nikanyoosha mkono juu kadiri nilivyoweza, nikasema: "Zaidi ya hapa. Mkono mmoja zaidi." Binamu zangu wakashuka tena bondeni, wakarudi jua likiwa limeegemea, na gogo la pili lilikuwa sawasawa.

Tantine alilivika shati la baba alilokuwa ameliacha kwake lifuliwe. Alikuwa amelipiga pasi, kola na mikono, kwa uangalifu aliouweka kwa ajili ya nguo za altare. Walilishusha kwa kamba. Baba mkubwa alinipa udongo, mweusi, baridi, wenye mizizi midogo ya viazi. Nilisema, "Baba amekwenda," nikautupa. Ulitoa sauti ndogo kwenye shati. Kisha watu wote wakalia kwa pamoja, kama waliokuwa wamezuiliwa mlangoni kwa muda mrefu, nami nilinyolewa kichwa wa kwanza, kama wafanyiwavyo wafiwa.

Ujumbe ulikwenda Beni siku ileile. Mama alifika Butembo baada ya siku kumi na moja, sehemu kubwa ya njia akiwa amekuja kwa miguu, na nywele zake zilikuwa zimekwisha kunyolewa. Alikuja peke yake. Mdogo wangu alikuwa ameshikwa na homa, hapakuwa na mganga, na majirani wawili walimzika nyuma ya nyumba. Tangu baba mkubwa aliponiita uani hadi siku niliyotupa udongo zilipita wiki tano. Mdogo wangu alikufa katika wiki ya nne. Mama aliijua hesabu hiyo, na Tantine aliijua, na hakuna aliyeitaja mbele yangu. Mama alipewa kitanda changu, mimi nikalala na Tantine, na mwezi wa tisa nilianza darasa la tano.